Ardhi Inapotwaliwa kwa Manufaa ya Umma

Kila dola ina uwezo wa kumwondoa mtu kwenye ardhi yake ili ijenge barabara, reli, bandari, bwawa au kambi ya jeshi, hata kama mwenyewe hataki kuuza. Uwezo huu hauhitaji ridhaa ya mwenye mali. Usingekuwepo, mtu mmoja mwenye shamba katikati ya njia angeweza kuizuia reli nzima, au kutaja bei ambayo hakuna hazina ya nchi ingeimudu. Nao ukiachwa bila mipaka, hakuna mwenye nyumba atakayethubutu kuongeza chumba cha pili wala kupanda mnazi utakaozaa baada ya miaka kadhaa. Sheria ya utwaaji ardhi imesimama kati ya hofu hizo mbili, na inajibu maswali manne: nani anaamua kwamba ardhi inahitajika, inahitajika kwa kazi gani, mwenyewe analipwa kiasi gani, na analipwa lini. Maswali matatu ya kwanza yamejaza vitabu vya wanasheria. Katika Afrika Mashariki, la nne ndilo lililowaumiza watu wengi zaidi.

Msingi wa kinadharia wa uwezo huu uliwekwa na mwanasheria wa Kiholanzi Hugo Grotius, katika kitabu chake cha mwaka 1625 kuhusu sheria za vita na amani. Kwa maoni yake, dola ina haki juu ya mali za raia inayopita haki ya raia mwenyewe, na inaweza kuitumia pale manufaa ya wote yanapodai, lakini aliyepoteza mali anastahili kufidiwa kutoka mfuko wa umma. Tamko la Haki za Binadamu na Raia lililotolewa Ufaransa mwaka 1789 likaongeza sharti zito katika kifungu cha 17: fidia iwe ya haki, tena itangulie. Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, nayo yakakataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki, lakini hayakusema ilipwe lini. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ingali hai leo katika sheria za Kampala, Nairobi na Dodoma.

Afrika Mashariki ilipata uwezo huu kupitia wakoloni, na kinga za mwenye mali hazikuja nao kwa kiwango kile kile. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaiser wa Ujerumani alitoa amri iliyoifanya ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa mali ya Taji, isipokuwa pale ambapo mtu, mtawala wa jadi au jamii ingeweza kuthibitisha kuwa ni yake. Katika nchi ambayo mipaka ya mashamba ilijulikana kwa miti, mito na ushahidi wa wazee, sharti la kuthibitisha liliwaacha wakulima wengi bila kitu. Upande wa Kenya, Waingereza waliitumia Sheria ya India ya Utwaaji Ardhi ya 1894 kupata njia ya reli kutoka Mombasa kwenda Uganda. Walipoichukua Tanganyika, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya Gavana. Mwaka 1951 Wameru karibu 3,000 waliondolewa Ngarenanyuki, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa mjini New York.

Uhuru ulipokuja, ardhi ya Tanganyika ilibaki mikononi mwa dola, safari hii chini ya Rais. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangaji wa muda maalumu kutoka kwa serikali. Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Utwaaji Ardhi, ambayo ingali inatumika. Inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi yoyote kwa shughuli za umma, na ilivyotungwa haikutoa fidia kwa ardhi tupu. Aliyekuwa na nyumba au mazao alilipwa thamani ya maendelezo yake, na udongo wenyewe ukahesabiwa kuwa hauna bei. Aprili 1971 hatua ikasogezwa mbele zaidi: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Jengo lililokuwa limetimiza zaidi ya miaka 10 halikulipiwa hata senti, kwa hoja kwamba mwenyewe alikwisha kurudisha gharama zake kupitia kodi. Kwa miaka mingi wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na miji mingine waliyaita majengo hayo majumba ya Msajili, kwa sababu yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba.

Katiba ya 1977 ilianza bila sura ya haki za msingi. Sura hiyo iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kusikiliza madai yake mwaka 1988. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya hifadhi ya mali hiyo, na inakataza mtu kunyang'anywa mali, iwe kwa kutaifisha au kwa sababu nyingine, pasipo sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Ibara hiyo haikutaja ardhi. Mkulima asiye na hati yoyote, anayelima pale alipolima babu yake, je, ana mali inayolindwa na Katiba? Jibu lilitoka katika kijiji kimoja cha Arusha ya wakati huo.

Kesi ya Kambi ya Simba

Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na mashamba ya wengine yakagawiwa upya bila utaratibu wa kisheria. Miaka ya 1980 walionyang'anywa walianza kwenda mahakamani. Miongoni mwao walikuwa Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa Kambi ya Simba, wilayani Mbulu. Mwaka 1987 walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha kudai shamba lao la kimila, wakashinda na kurudishiwa. Rufaa dhidi yao ilikuwa bado inasubiri wakati Bunge lilipotunga sheria namba 22 ya mwaka 1992. Sheria hiyo ilifuta haki zote za kimila za ardhi zilizokuwepo kabla ya vijiji kuanzishwa, ikazuia fidia kwa waliopoteza haki hizo, ikaziondolea mahakama uwezo wa kusikiliza migogoro ya aina hiyo, na ikafuta kesi zilizokuwa zinaendelea. Baba na mwana, walioshinda kwa njia halali, walijikuta hawana shamba wala mahali pa kulalamika.

Waliipinga sheria hiyo Mahakama Kuu, wakashinda, na serikali ikakata rufaa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi si mali, kwa sababu ardhi yote ni ya umma. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliikataa hoja hiyo. Mahakama iliona kwamba ikikubaliwa, Watanzania wengi watakuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Haki ya kimila ni mali, na Ibara ya 24 inailinda.

Sehemu ya pili ya hukumu ndiyo nzito zaidi, ingawa inatajwa mara chache. Je, shamba lisilo na nyumba wala mazao lina thamani ya kufidiwa? Nyalali aliliendea swali hilo kupitia maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa. Humo Nyerere alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, lakini jasho la anayeifyeka na kuifanya ifae kwa matumizi ya binadamu linampa haki juu ya kipande alichokifyeka. Maneno yaliyozoeleka kutumiwa kutetea ardhi kuwa ya umma yakawa msingi wa kumlipa mtu mmoja mmoja. Mahakama ikaamua kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo yanayoonekana juu ya ardhi, na vifungu vikuu vya sheria ya 1992 vikatangazwa batili. Ni vigumu kutaja hukumu nyingine iliyofanya zaidi kwa mkulima wa Tanzania asiye na hati.

Mkondo huo ulikwenda sambamba na Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, na hatimaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Ardhi yote bado ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Hata hivyo sheria sasa inatamka kwamba ardhi ina thamani, na kwamba anayetwaliwa ardhi yake anastahili fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati.

Manufaa ya nani

Barabara na hospitali hazina utata mkubwa. Ubishi huanza pale ardhi inapochukuliwa kutoka kwa Asha na kukabidhiwa Juma, kwa maelezo kwamba Juma ataitumia vizuri zaidi. Kesi inayojulikana kuliko zote ni ya mji wa New London, jimbo la Connecticut, Marekani. Mji huo uliokuwa ukififia kiuchumi ulitaka kutwaa nyumba za mtaa wa Fort Trumbull ili wawekezaji wajenge hoteli, ofisi na makazi ya kisasa, karibu na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Susette Kelo, mwenye nyumba ndogo ya waridi, alikataa pamoja na majirani kadhaa. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kukuza uchumi wa mji kunatosha kuitwa matumizi ya umma. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyepinga, alionya kwamba kwa kipimo hicho hakuna nyumba ya mtu wa kawaida iliyo salama mbele ya mwenye mtaji. Mradi haukujengwa kama ulivyopangwa. Mwaka 2009 Pfizer ilitangaza kuondoka, na uwanja zilipobomolewa nyumba ukabaki nyasi kwa miaka mingi. Majimbo zaidi ya 40 yalibadilisha sheria zao kujaribu kuzuia jambo hilo lisirudiwe.

Tanzania haikuhitaji mahakama kufika huko, maana sheria yenyewe ilishafika. Kifungu cha 4 cha sheria ya 1967 kinahesabu kuwa shughuli ya umma kutenga maeneo ya viwanda, kilimo au biashara, na hata kumpa ardhi mtu au kundi la watu ambalo Rais anaona linafaa kupewa kwa maendeleo ya kilimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inataja wazi kuwa manufaa ya umma ni pamoja na uwekezaji wenye maslahi ya taifa. Tafsiri ni pana kiasi kwamba kusudi la utwaaji ni vigumu kulishinda mahakamani.

Kinga kwa kijiji imewekwa kwenye utaratibu. Ardhi ya kijiji isiyofikia hekta 250 haihamishwi pasipo mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Ikifikia hekta 250 au kuzidi, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na hakuna uhamisho unaoruhusiwa kabla ya kukubaliana aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na muda wa kulipa. Kinga hii ina nguvu pale tu wanakijiji wanapoijua kabla ya wageni kufika na ramani. Mkutano ulioitishwa kwa haraka, ambao akidi yake inapatikana kwa kuzungusha daftari la mahudhurio nyumba kwa nyumba, hauwalindi.

Alama ya X

Nyumba kubomolewa na serikali hakumaanishi kwamba ardhi imetwaliwa, na kutojua tofauti hiyo kumewagharimu Watanzania wengi. Rangi ya alama ya X ukutani ndiyo inayotofautisha. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za mwanzo huwekewa X nyekundu. Kwa mtazamo wa sheria amevamia eneo la barabara, anatakiwa kubomoa kwa gharama yake, na halipwi. Aliyemo katika mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani: yeye hakuifuata barabara, barabara ndiyo iliyomfuata, hivyo anastahili fidia. Majirani wawili wanaoazimana chumvi wanaweza kuamka na rangi mbili tofauti.

Mfano mchungu ni wa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kibaha. Hapo hifadhi ilitajwa kuwa mita 121.5 kila upande, kwa msingi wa sheria za zamani. Mwaka 2017 nyumba nyingi, pamoja na maduka na nyumba za ibada, zilibomolewa pasipo fidia ili kupanua barabara. Wapo waliokuwa wameishi hapo kwa miongo kadhaa, wakiunganishiwa umeme na maji na kulipa kodi ya jengo. Kwa sheria kali, huduma hizo hazimpi mtu haki ya ardhi. Kwa haki ya kawaida, serikali iliyopokea kodi ya jengo kwa miaka mingi bila kusema neno ina wajibu wa kubeba sehemu ya hasara.

Siku ya tathmini

Ardhi inapotwaliwa kweli, kazi huanza kwa taarifa, kisha mthamini hufika akifuatana na mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Nyumba hupimwa kwa futi ya mkanda. Mthamini huandika bati la aina gani, sakafu ya saruji au ya udongo, dari ipo au haipo, choo cha ndani au cha nje. Minazi, miembe na mikorosho huhesabiwa mti kwa mti na kupangwa kwa ukubwa, kwa kuwa mche na mti unaozaa havilipwi sawa. Mwenye mali hupigwa picha akiwa amesimama mbele ya nyumba yake, ameshika kibao chenye namba ya kumbukumbu, kisha anatia sahihi fomu. Namba hiyo ndiyo itakayomtambulisha kwenye jedwali la fidia mpaka siku ya hundi, na kosa la herufi moja ya jina linaweza kumzungusha ofisi kwa ofisi kwa miezi.

Fidia ya Tanzania ina vipande kadhaa, na kanuni za 2001 zinaeleza kila kimoja. Juu ya thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, kuna posho ya usumbufu inayopatikana kwa kuzidisha thamani ya ardhi na wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana ya miezi 12. Riba ikiwa asilimia 8, kiwanja cha shilingi milioni 20 huzaa posho ya shilingi 1,600,000. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba hiyo kwa miezi 36, hivyo nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi huongeza shilingi 7,200,000. Mwenye biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36, mradi aweze kuonyesha hesabu, na hapo ndipo mama lishe na fundi cherehani hupoteza, maana biashara zao ni za kweli lakini hazina vitabu. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Kwa nini kilomita 20? Anayeondolewa katikati ya Dar es Salaam mara nyingi hapati kiwanja anachokimudu ndani ya umbali huo, na mzigo wake hautaishia njiani.

Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969. Kinacholipwa ni gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na matambiko au ibada zinazoandamana na kazi hiyo. Watunga sheria walitambua kwamba mfu hahamishwi kimya kimya, lakini uchungu wenyewe haukuwekewa bei.

Udhaifu mkubwa uko kwenye nyumba kuukuu. Katika utendaji, majengo mara nyingi hukadiriwa kwa gharama ya kuyajenga upya, kisha hupunguzwa uchakavu. Nyumba ya miaka 30 inaweza kumpa mwenyewe nusu ya gharama ya kujenga nyingine kama hiyo. Saruji ya dukani haina bei ya uchakavu. Mtu aliyekuwa na nyumba, hata ya kuchoka, anahama akiwa na fedha za kufikia usawa wa lenta, na hakuna hoja ya kihasibu inayoweza kuifanya hiyo iwe fidia kamili. Kenya ilichukua njia nyepesi zaidi: kanuni zake za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu, bila kuchambua posho moja moja.

Malipo yanapochelewa

Tangu siku ya tathmini, mali huganda. Mwenyewe haruhusiwi kuongeza ukuta wala kupanda mazao ya kudumu kwa matumaini ya kulipwa, mnunuzi hapatikani, na benki haikopeshi kwa dhamana ya nyumba inayosubiri kubomolewa. Paa likivuja, hakuna mwenye moyo wa kulitengeneza. Wakati huohuo bei ya viwanja kwingine inapanda, na takwimu zilizoandikwa kwenye jedwali zimesimama palepale.

Wakazi wa Kipawa na Kigilagila, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, wanaifahamu hali hiyo vizuri. Mali zao zilithaminiwa mwaka 1997 ili kupanua uwanja, na malipo yakawafikia wengi baada ya zaidi ya muongo mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tathmini alikuwa anakaribia sekondari. Waliokuwa wanangoja hawakukataa maendeleo wala kuzuia ndege. Walizuiwa kuishi kama wenye nyumba, na wakati huo huo hawakupewa fedha za kuanza kwingine. Utwaaji wa namna hiyo humpokonya mtu mali yake kidogo kidogo kabla ya siku ya kubomoa, na hasara ya miaka hiyo haimo kwenye safu yoyote ya jedwali.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ililenga tatizo hilo. Fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe taarifa ya uthamini. Ikipita hapo, riba inaanza kuhesabiwa kwa wastani wa ile ya amana za benki. Miaka 2 ikipita bila malipo, tathmini inakufa na inabidi ifanywe upya. Ni hatua nzuri, ila dawa yake ni nusu. Riba ya amana ni ndogo kuliko kasi ambayo bei ya viwanja hupanda pembezoni mwa miji, na tathmini mpya humrudisha mwenye mali kwenye foleni ile ile, akiwa na nyumba iliyochakaa zaidi.

Kenya na Uganda zimechagua njia tofauti. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inadai fidia ya haki, kamili na ya mara moja, na inampa mwenye mali haki ya kwenda mahakamani. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza kusudio kwenye Gazeti rasmi, hufanya kikao cha uchunguzi kusikiliza wenye madai, kisha hutoa uamuzi wa fidia. Lakini sheria ya mwaka 2019 ilieleza maana ya kulipa mara moja kuwa ni ndani ya muda unaofaa, usiozidi mwaka 1 baada ya ardhi kuchukuliwa. Mtu anaweza kuwa ameshahama, shamba limeshapitiwa na katapila, na malipo bado yakahesabiwa kuwa ya mara moja. Bunge lilipunguza kwa sheria ya kawaida kile ambacho Katiba ilikitoa kwa ukarimu.

Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda inataka fidia ilipwe kabla ya serikali kuichukua ardhi, na mahakama zimeisimamia. Mamlaka ya Barabara ya nchi hiyo ilipoingia kwenye ardhi ya Irumba Asumani katika ujenzi wa barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya kabla ya kumlipa, Irumba na mwenzake walikwenda Mahakama ya Katiba. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Oktoba 2015 ilitamka kuwa batili kifungu cha sheria ya utwaaji kilichoruhusu kuingia kwanza na kulipa baadaye. Mwaka 2017 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha Katiba ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na ujenzi pale ambapo mwenye ardhi anabishania kiasi. Upinzani ulikuwa mkali nchi nzima, na muswada haukupita. Hoja ya serikali kwamba miradi inacheleweshwa na wachache ina ukweli ndani yake. Hata hivyo ucheleweshaji una gharama, na swali ni nani aibebe. Uganda imeibebesha serikali, yenye hazina na wanasheria. Kwingine inabebwa na mwenye nyumba.

Wasiomo kwenye jedwali

Fidia humwendea aliyeandikwa. Mara nyingi jina ni la mume, hata pale ambapo mke ndiye aliyepanda migomba na kukamilisha ujenzi kwa fedha za mchezo. Mpangaji wa chumba kwa kawaida hapati chochote kwa kupoteza makazi. Ndugu waliorithi shamba bila kufungua mirathi hugundua siku ya hundi kwamba hakuna msimamizi anayetambulika kisheria, na fedha zinakwama. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 40(4), inaruhusu kuwalipa walioikalia ardhi kwa nia njema ingawa hawana hati. Neno lililotumika ni la kuruhusu, halilazimishi, kwa hiyo hatima ya watu hao inategemea zaidi utaratibu wa mradi husika. Ibara hiyo hiyo inakataa kulinda mali iliyobainika kupatikana isivyo halali. Ndiyo maana mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mwenye hati ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, baada ya kuonekana kwamba ugawaji wake wa mwanzo uligusa njia ya umma ya kwenda ufukweni.

Asiyeridhika na kiasi alichopangiwa anaweza kwenda kortini. Tanzania, pande mbili zisipokubaliana ndani ya wiki 6 tangu tangazo la utwaaji, shauri linaweza kufunguliwa Mahakama Kuu, na anayeishitaki serikali kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Nyaraka ndizo humbeba: nakala ya fomu ya uthamini, picha zake mwenyewe za nyumba na miti kabla ya kubomolewa, stakabadhi za vifaa, na barua za serikali ya mtaa. Kupokea hundi bila kuandika pingamizi humdhoofisha anayetaka kudai zaidi, na wengi hupokea kwa kuwa wana watoto wa kulisha.

Lipo pia suala la ardhi iliyotwaliwa halafu mradi usifanyike. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 110, inaruhusu mwenyewe wa awali au warithi wake kupewa nafasi ya kwanza ya kuirudisha, kwa sharti la kurejesha fidia yote waliyolipwa. Kwa aliyekwisha kununua kiwanja kingine na kulipa ada za shule, fedha hizo hazipo tena, na nafasi ya kwanza inampita kwa kukosa uwezo. Ingekuwa haki zaidi kama sheria ingemruhusu alipe kwa awamu, au arudishiwe sehemu ya ardhi inayolingana na fedha alizonazo.